Ukuta au ukoka? Hoja ya uwanja wa chuo huku Kusini

Kwenye vyuo vya ualimu vya mikoa ya Mtwara na Lindi kuna ubishi usiokwisha, na ubishi wenyewe unahusu uwanja wa mpira. Wapo wanaotaka uwanja uzungushiwe ukuta, ujengwe jukwaa, liwekwe geti, kisha chuo kianze kutoza kiingilio na kukodisha kwa timu za mtaani. Wapo wanaotaka uachwe ulivyo: wazi pande zote, mistari ya chokaa, watazamaji wamesimama pembeni, na watoto wakipiga chandimu nyuma ya goli hata kama mechi ya wakubwa inaendelea.

Nausema msimamo wangu mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta. Ukuta si kitu cha kuanza nacho. Lakini wanaoupinga kwa jina la mila nao wanabeba mzigo mkubwa kuliko unaohitajika, kwa sababu nusu ya wanachokiita mila ni umaskini tu uliozoeleka.

Uwanja ninaoufikiria zaidi ni wa chuo kimoja mkoani Mtwara. Sitakitaja, maana habari zake hazitofautiani sana na za vyuo vingine huku. Una magoli ya mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi nyeupe miaka mingi iliyopita, mikorosho upande wa magharibi inayowapa watu kivuli saa kumi jioni, kiwanja cha netiboli pembeni chenye pete moja iliyopinda, na mchanga. Mchanga wa pwani mwepesi, unaoingia kwenye viatu na kumchosha winga kabla ya mapumziko.

Ukitaka kujua kwa nini uwanja wa namna hii unagombaniwa, itabidi urudi nyuma kidogo. Huku Kusini, kwa sehemu kubwa, mpira ulitembea kwa miguu ya walimu. Chuo cha Mtakatifu Andrea pale Kiungani, Unguja, kilichoendeshwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo katika mwambao wetu ambapo vijana wa Kiafrika walicheza kandanda, mwishoni mwa karne ya 19. UMCA hao hao ndio waliofungua misheni ya Masasi mwaka 1876, na vijana waliosomea Kiungani walivushwa kuja bara kufundisha. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali, miongoni mwa Wayao. Sisemi yeye ndiye aliyekuja na mpira kwapani. Nasema njia ilikuwa hiyo: chuo kinamfunza mwalimu, mwalimu anapelekwa kijijini, na akifika kijijini anafungua darasa na kufyeka uwanja.

Wabenediktini nao walipoanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, shule na hospitali vilifuata, na kwenye shule za misheni mpira ulikuwa sehemu ya ratiba kama sala na bustani. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alipita shule ya Ndanda. Uwanja mkubwa kuliko wote nchini, uliofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2007 akiwa ametoka madarakani muda mfupi tu, ukapewa jina lake alipofariki mwaka 2020. Mkoa uliomzaa rais ambaye jina lake liko kwenye uwanja wa watu 60,000 bado unabishana kama uwanja wa chuo uwe na choo. Nayaweka maneno haya hapa bila kejeli, au kwa kejeli kidogo tu.

Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, kazi za mikono zikawa sehemu ya masomo, na mwanachuo aliyelima shamba la chuo asubuhi ndiye aliyesawazisha uwanja jioni. Kisha likaja lengo la kila mtoto kuingia shule ya msingi, lililotekelezwa kuanzia mwaka 1977, na walimu wakahitajika kwa maelfu na kwa haraka. Waliotoka vyuoni walimwagwa vijijini, Nanyumbu, Liwale, Tandahimba, kwenye shule ambazo hazikuwa na mpira wala mtu wa kuchora mistari. Wao ndio walioichora.

Kassim Majaliwa, aliyekuwa waziri mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, alisomea stashahada ya ualimu Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 1990, akafundisha, na siasa zikaja baadaye. Leo uwanja unaochezewa na timu ya Namungo pale Ruangwa unaitwa kwa jina lake. Watu huutaja uwanja ule kama kazi ya waziri mkuu, nami sibishi, ila mapenzi ya mpira ya mtu wa namna ile hayakuanzia ofisini.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa na serikali, na yaliporudi miaka michache baadaye ilionekana wazi kwamba kuna kizazi kimerukwa. Walimu waliomaliza vyuo kipindi kile hawakuwa na sababu ya kujua urefu wa mstari wa penalti. Viwanja vya vyuo vikaota majani, vingine vikalimwa mihogo. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayonifanya nishtuke kila ninaposikia neno kukodisha, maana uwanja wa chuo haukuumia kwa kukosa ukuta. Uliumia kwa kukosa kazi.

Sasa mila zenyewe. Nitaeleza moja tu kwa kirefu, kwa sababu nyingine zote, gwaride, mchakamchaka wa alfajiri, bonanza la mabweni, mahafali, ziko kila chuo nchini na hazihitaji kutetewa na mimi.

Siku moja kabla ya mechi, jioni, mwaka wa kwanza hupewa kazi ya kuchora uwanja. Vifaa ni kamba ya katani, vigingi vinne, na kopo la rangi lililotobolewa matundu chini kwa msumari. Chokaa ikikosekana, yanaletwa majivu kutoka jikoni. Mmoja anashika kamba, mwingine anavuta, wa tatu anatembea kinyumenyume akitikisa kopo, na mwaka wa pili wako pembeni wakikosoa. Kona ya kwanza karibu kila mara hutoka imepinda, na hapo ndipo mkufunzi wa michezo, aliyekuwa amekaa kimya muda wote, huinuka. Anawakumbusha pembetatu ya tatu, nne na tano: pima mita tatu huku, nne kule, na kama kamba ya kuziunganisha haifiki tano kamili au inazidi, kona yako si mraba. Kichwa kimoja kinasema, “Kumbe hii ndiyo ile ya darasani!” Halafu duara la katikati: kigingi kimoja, kamba ya mita 9.15, unazunguka nayo. Eneo la penalti, mita 16.5. Mtu aliyeifanya kazi hii mara mbili haisahau.

Anapofika kituo chake cha kazi, kijiji ambacho gari la abiria linapita mara moja kwa siku, hatakuta mashine ya kuchora mistari. Atakuta kamba. Kwangu mimi hii ndiyo mila ya uwanja wa chuo, na ndiyo ninayopimia kila pendekezo: je, baada ya mabadiliko haya, mwanachuo bado atauchora, ataupulizia filimbi, ataupangia ratiba na kuutunza yeye mwenyewe? Kama jibu ni hapana, basi tumejenga uwanja na kuvunja chuo.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya yale yanayoitwa mila yanaanguka yenyewe. Kusimama juani dakika 90 si mila. Wasichana wa netiboli kubadilishia jezi darasani, mmoja amesimama mlangoni na khanga, si mila. Ni aibu yetu. Mbuzi kuingia uwanjani wakati kona inapigwa kunachekesha, nakubali, na kila mtu ana kisa chake cha mbuzi, lakini hakuna atakayesononeka wakikoma.

Na wa ukuta? Hoja yao ina uzito kuliko inavyopewa. Uwanja wa mpira wenye njia ya kukimbilia ya mita 400 unataka kama ekari nne. Mjini, ekari nne ni viwanja vya makazi zaidi ya 25, kila kimoja mita za mraba 600. Bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015, na mwaka huo huo kiwanda cha saruji cha Dangote kikazinduliwa. Watu walianza kununua ardhi ya Mtwara hata kabla ya hapo, kwa matumaini. Mpaka usio na alama katika mji wa namna hiyo huwa unahama usiku. Kwanza jirani anapanda miche mitatu ya mikorosho ukingoni. Mwaka wa tatu inaanza kuzaa, na sasa ni mali, ukitaka kuiondoa ulipe fidia. Kisha kibanda cha mkaa. Kisha msingi wa matofali. Siku chuo kinapoamka, winga wa kulia hana pa kugeukia. Anayetaka ukuta kwa sababu hii hafanyi mzaha.

Usalama pia. Uwanja ulio wazi usiku ni njia ya mkato, na mwanachuo wa kike anayetoka maktaba saa tatu ana haki ya kutaka mpaka na taa. Asubuhi wanaokota vipande vya chupa kabla ya mchakamchaka. Jumapili vijana wanajifunzia bodaboda, na alama za breki hubaki hadi Jumatano. Msimu wa kampeni magari ya matangazo huingia hadi katikati, na mahali pengine hata helikopta hutua. Chuo hakilipwi hata shilingi, lakini kurekebisha ni juu yake.

Halafu kuna fedha. Fungu la michezo la chuo ni dogo, na mipira miwili na wavu mmoja vikinunuliwa limekwisha. Mwenye mawazo ya biashara anatazama msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba, malipo ya minada yanapoingia mikononi mwa wakulima na kila mtaa unaanzisha ndondo yake, mshindi anaondoka na mbuzi au ng'ombe, na anajiuliza kwa nini fedha ile isipite kwenye geti la chuo. Ni swali halali.

Jibu langu ni kwamba uwanja wenye geti tayari tunao, na tumeona unavyofanya kazi. Nangwanda Sijaona, mjini Mtwara, una ukuta, una jukwaa, una jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mwanasiasa wa TANU aliyepata kuwa waziri na kuongoza vijana wa chama. Timu ya Ndanda ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, uwanja ule ulipata miaka yake ya neema. Simba au Yanga wakija, mji ulisimama. Nyumba za wageni zilijaa, na mashabiki wa Ndanda, Wana Kuchele, waliimba hadi sauti zikakauka. Mwaka 2020 Ndanda wakashuka. Ukuta ulibaki pale pale. Geti halina maana bila timu ya kulijaza, na timu haijengwi kwa matofali.

Kuna jambo jingine kuhusu viwanja vya mikoa ambalo watu wa vyuo wangelitafakari. Vingi vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa nguvu na michango ya wananchi wote, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa CCM. Ubishi wa nani hasa mwenye viwanja hivyo haujaisha hadi leo na unazuka kila uchaguzi. Wazee waliobeba mawe hawakuuliza hati iko kwa jina la nani. Chuo kinachotaka kujenga jukwaa kwa michango ya wazazi, wahitimu na mfadhili wa mjini kingeuliza swali hilo kabla ya kumwaga zege. Mfadhili aliyejenga jukwaa hatanyimwa Jumamosi anayoitaka.

Na Namungo? Wauaji wa Kusini walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho nyumbani, na msimu uliofuata wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi, kwenye makundi ya Afrika! Bado nafurahi nikiandika. Lakini mechi zao za nyumbani za hatua ile zilichezwa Dar es Salaam. Masharti ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, ya taa, vyumba, vyombo vya habari na hoteli hayafikiwi kwa ukuta na jukwaa moja. Basi anayeota kwamba uwanja wa chuo ukijengwa vizuri utavuta mechi kubwa, aangalie kwanza wenzetu waliokuwa na timu, uwanja na waziri mkuu kwa pamoja.

Hapo wapenzi wa uwanja ulivyo hupiga makofi. Wangoje kidogo, maana na wao nina la kuwaambia.

Uwanja mdogo wa chuo unaojulikana kuliko yote katika historia ya riadha uko Oxford, Uingereza, barabara ya Iffley. Pale, tarehe 6 Mei 1954, mwanafunzi wa udaktari Roger Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Husimuliwa kama kisa cha uwanja wa kawaida wenye mila za kale: upepo mkali, watazamaji wachache, wanafunzi waliovuka uzio kumshika asianguke. Kinachosahaulika ni kwamba njia aliyokimbilia haikuwa ile ya zamani. Ya zamani ilikuwa na mabonde, na raundi tatu ndizo zilizofanya maili. Bannister mwenyewe, akiwa kiongozi wa klabu ya riadha ya wanachuo, alisukuma ivunjwe ikajengwa mpya ya raundi nne, ikafunguliwa mwaka 1950. Wapo bila shaka walioililia njia ya zamani. Kama wangesikilizwa, historia ingeandikiwa mahali pengine.

Filbert Bayi wetu naye alipoichukua rekodi ya maili mwaka 1975, kwa dakika 3 na sekunde 51.0, aliichukua Kingston, Jamaika. Sisi tunapenda kusema vipaji vyetu hutoka vumbini, na ni kweli. Lakini hakuna aliyevunja rekodi ya dunia akikimbilia vumbini, na mwalimu anayemwambia mtoto akimbie kwenye mchanga wa Mtwara kwa sababu “sisi tulikimbia hivyo hivyo” anamdhulumu.

Kwa hiyo kubadilika ni lazima. Swali ni kubadilika kwa nini, na kwa mkono wa nani. Kwa Iffley, wanachuo walitaka njia bora ya kukimbilia na wao ndio waliokimbilia. Pendekezo la geti huku kwetu mara nyingi huanzia kwa mtu anayefikiria mapato, na wanachuo huarifiwa.

Wakati wa Umitashumta na Umisseta, mashindano ya kitaifa ya shule za msingi na sekondari, mwaka 2021, Mtwara ilipokuwa mwenyeji, sherehe zilifanyika Nangwanda Sijaona, lakini uwanja mmoja hauwezi kubeba soka, netiboli, wavu, mpira wa mikono na riadha za wanafunzi wa mikoa yote. Mechi zilitapakaa mji mzima kwenye viwanja vya shule na vyuo. Uzoefu huo unasaidia pande zote mbili. Unaonyesha viwanja vya vyuo vinastahili kuwa na hadhi, na unaonyesha thamani yao ni kuwa vingi, karibu na vinavyoingilika. Viwanja vingi vya wastani viliibeba kazi ambayo uwanja mmoja wa fahari usingeiweza.

Tuje kwenye sehemu ya kucheza yenyewe, maana hapa ndipo fedha hupotea. Siku hizi kila anayetoa pendekezo anataja nyasi bandia. Tunazijua: Karume pale Ilala, Nyamagana Mwanza, Kaitaba Bukoba. Zina faida yake. Mvua kubwa haisimamishi mechi na uwanja unachezewa asubuhi hadi usiku. Lakini huchakaa, na baada ya miaka kama kumi hivi unatakiwa uzing'oe na ununue nyingine. Jua la Mtwara likizipiga mchana, joto la juu yake huzidi la hewa kwa kiasi ambacho mtoto anayecheza pekupeku hawezi kulivumilia. Na watoto wanaocheza pekupeku ndio wengi. Chuo kitakachoweka nyasi bandia kitalazimika kuwafukuza, hata bila ukuta.

Ukoka unagharimu kidogo, lakini nao una dai lake: maji. Huku mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei, kisha ukame wa nusu mwaka. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Ukitaka uwe kijani kama wa kwenye televisheni, milimita tano za maji kwa siku ni karibu lita 36,000. Hakuna chuo cha ualimu chenye maji hayo ya kumwaga chini huku wanachuo wanapanga foleni ya ndoo. Lakini ukoka haufi kwa kukauka. Mizizi yake hulala na kuamka na mvua. Unachohitaji kumwagilia kiangazi ni mbele ya magoli na duara la katikati, mahali panapokanyagwa zaidi. Chuo chenye wanachuo 600, kila mmoja akioga ndoo moja ya lita 20, kinatoa lita 12,000 za maji ya bafuni kila siku, na yote huishia shimoni. Yakichujwa kwenye shimo la kokoto na mchanga yatatosha sehemu hizo, na kubaki. Kazi hiyo wanachuo wanaiweza, na ni somo la sayansi wanaloweza kulipeleka shule yoyote yenye bomba moja.

Kuhusu mpaka, ninawapa watu wa ukuta haki yao yote ila ukuta. Kinachozuia uvamizi ni hati miliki, mawe ya mipaka yaliyopimwa na ramani inayojulikana serikali ya mtaa. Ukuta bila hati ni mapambo. Nimeona kuta zilizojengwa ndani ya mpaka kwa woga wa jirani, na kilichobaki nje kikachukuliwa moja kwa moja. Uzio wa michongoma, ukipandwa mistari miwili na kukatwa kila mwaka, unazuia mbuzi na bodaboda, na kuacha njia tatu za watu. Taa mbili upande wa maktaba. Hiyo si ndoto.

Kukodisha? Ningekubali, kwa kalenda iliyobandikwa ubaoni kwa mwaka mzima: siku za masomo na mazoezi ya wanachuo hazigusiki, Jumamosi za ndondo za msimu wa korosho zinalipiwa na timu zinazoandaa, si na mtazamaji, na muda wa saa mbili wakati wa jioni ni wa watoto wa mtaa. Mikutano ya kisiasa ilipe kama wengine na iweke dhamana ya kurekebisha uwanja. Na timu inayokodi ichore mistari pamoja na mwaka wa kwanza. Najua kuna mkuu wa chuo atakayesema haya ni magumu kusimamia. Ni magumu kweli, hasa simu ikipigwa kutoka juu. Lakini kusimamia geti na vitabu vya tiketi si rahisi zaidi, na fedha taslimu ina miguu.

Hata hivyo fedha ya kwanza, yoyote itakayopatikana, isiende kwenye uzio wala kwenye nyasi. Iende kwenye vyumba viwili vya kubadilishia nguo na vyoo, na kile cha wasichana kianze. Netiboli ndiyo timu inayoleta vikombe kwenye vyuo vingi huku, na ndiyo inayocheza saa nane mchana ili uwanja uachwe kwa wanaume saa kumi. Anayetaka kuzungumzia mila ya uwanja wa chuo aanze na ratiba hiyo.